Medali Nje ya Shati

Ubelgiji ilipoanguka mikononi mwa Wajerumani, mume wangu alisimama mbele ya kanisa dogo la kambi yetu ya wafanyakazi wa shaba akatangaza kwamba huo ni uhamisho wa Babeli. Mfalme wa Wabelgiji wanaotutawala ametekwa, alisema, na watu wake wameketi kando ya mito wakilia. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, benchi la mbele, mahali pa mke wa katekista. Tulipofika nyumbani nikamuuliza: kama Wabelgiji ndio Waisraeli, sisi ni nani? Akaanza kufikiri kweli kweli, maana hakuwa mtu wa kupuuza swali. Nikamjibia mwenyewe kwamba sisi ni vile vinubi walivyovitundika mitini. Hakucheka. Alisema mdomo wangu utaniponza siku moja.

Ndivyo alivyokuwa. Hakuna jambo lililoipata nchi hii ambalo yeye hakulikuta limekwisha andikwa katika Biblia. Watu walipohesabiwa kwa ajili ya kodi, ilikuwa Yosefu na Maria wakienda Bethlehemu. Nzige walipokula mihogo ya ndugu zake huko Lukafu, ilikuwa Misri. Mchana alikuwa karani katika ghala la posho, asubuhi na jioni alikuwa katekista, na hizo kazi mbili hakuzitenganisha sana. Unga, maharage na samaki wakavu tulivyogawiwa kila wiki aliviita mana. Wanawake waliokuwa wakipepeta wadudu kutoka kwenye hiyo mana walinitazama mimi, nami nikatazama pembeni.

Lakini asije mtu akadhani nilikuwa nje ya mambo hayo nikiyacheka. Watawa walinifundisha kusoma, kushona na kusali, na nilimwamini Mungu kama nilivyoamini kwamba king'ora cha kiwanda kitalia alfajiri. Hata mume wangu nilimwamini. Mzaha wangu ulikuwa wa mtu aliyekaa salama.

Mdogo wangu alifika wakati huo wa vita, miezi mitatu kabla ya mgomo. Alitoka Kilwa, si ile ya pwani bali ya kwetu kule ziwani, alikokuwa akivua samaki na baba yetu. Aliandikwa kazi kwenye tanuru za shaba, akapewa kitanda katika nyumba ya wanaume wasio na wake. Jumapili alikula kwangu. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yeye kamba yake ilionekana mbali: aliinama akipita kwenye mlango wowote, hata mrefu, na king'ora kilipolia aliweka kijiko chini. Moshi ulimkohoza. Jioni nyingine alikuja kwenye mafundisho ya dini kwa ajili yangu, akakaa nyuma kabisa, akasinzia. Mume wangu hakumwandika katika daftari la wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, kwa sababu mtu anayesinzia hafundishwi.

Desemba ya mwaka wa arobaini na moja wanaume waliacha kazi. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, ujira ulikuwa palepale, na shaba ilitakiwa zaidi kuliko siku zote. Kambi ilinyamaza. Nilizoea kusikia mitambo usiku na mchana, na sasa nilisikia jirani yangu akipiga chafya ng'ambo ya ukuta. Huyo jirani alikuwa mke wa mfanyakazi wa tanuru, kijana, mchangamfu, tulichota maji pamoja. Mumewe alikuwa mmoja wa wale waliosema hawarudi kazini mpaka wasikilizwe.

Mume wangu alihangaika. Hakuwa upande wa wakubwa, nataka lieleweke hilo. Alijua uzito wa gunia la unga na alijua familia ngapi zinaligawana. Alichohangaikia ni jambo lingine. Siku zile serikali iliogopa kitu kimoja kuliko wizi na ulevi: dini ile iliyokatazwa, ya watu waliohubiri kwamba dunia hii inakwisha, na utawala wa wazungu utakwisha nayo. Waliokamatwa nayo walipelekwa mbali, wengine hawakuonekana tena. Mume wangu aliona hatari yote iko hapo. Wanaume wakikusanyika bila alama, askari watadhani ni watu wa dini hiyo. Wakionekana kuwa wana wa Kanisa, nani atawagusa? Askari wengi nao walikuwa wamebatizwa. Aliwaza hivyo siku mbili, halafu akakumbuka sanduku la medali.

Lazima nieleze medali. Zilikuwa ndogo, za alumini, zenye sura ya Bikira Maria. Kwetu hazikuwa pambo. Mtu alipewa medali baada ya kuandikwa kuwa mkatekumeni na kujibu maswali ya kwanza mbele ya padri. Aliivaa shingoni, chini ya shati, akaingoja siku ya maji ya ubatizo, miaka miwili au mitatu. Kuvaa medali bila kuandikwa lilikuwa jambo ambalo hata walevi wa kambi hawakulithubutu. Sanduku lilikaa kwetu, juu ya kabati, na ufunguo alikuwa nao mume wangu.

Jioni ya sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, jua likiwa bado liko juu ya chimni kubwa ya kiwanda, wanaume walikuja mlangoni kwetu. Kesho yake walikuwa wanakwenda kwenye uwanja wa mpira kusubiri jibu la wakubwa. Mume wangu alitoa kiti, akatoa sanduku, akaniambia nikate uzi. Nilikata uzi, nikatunga medali, nikafunga mafundo. Walipita mmoja mmoja. Waliobatizwa walikuwamo, na wakatekumeni, na watu ambao sikuwahi kuwaona wakifanya ishara ya msalaba. Mmoja aliifanya kwa mkono wa kushoto. Mume wa jirani yangu aliipokea yake akacheka, akasema mke wake atadhani ameolewa na padri.

"Muvale inje ya shati," mume wangu aliwaambia. "Baaskari baione. Fimbo, apana. Majiwe, apana. Benye kuvala medali basimame ku mbele. Bakiona sura ya Mama Maria, batajua muko batoto ba Kanisa."

Mdogo wangu alikuwa wa mwisho. Alisubiri wenzake waondoke, akanisogelea mimi, dada yake, si mume wangu.

"Yaya, mi naogopa. Ile ni mambo ya bantu bakubwa. Nirudie ku Kilwa?"

"Shemeki, unaogopa nini?" mume wangu alisema. "Kurudia Kilwa ni kukimbia. Utasimama ku mbele kabisa, na medali yako. Hakuna atakayekugusa."

Ilikuwa imebaki medali moja. Mdogo wangu alinitazama. Nilikuwa na bukari, ugali wetu, jikoni, mikono yangu ilikuwa imechoka kwa mafundo, na nilitaka watu watoke nyumbani. Nikamwambia ainamishe kichwa.

"Enda tu," nilisema. "Kesho utakuya kula hapa."

Aliinamisha kichwa, nikafunga.

Kesho yake wanaume walikwenda. Mume wangu hakwenda uwanjani. Aliingia kanisani akasimama mbele ya altare akainua mikono juu, kama Musa alivyofanya kilimani wakati Waisraeli wakipigana bondeni. Mnajua habari hiyo: mikono ikiwa juu, watu wanashinda, ikishuka, wanashindwa. Wazee wawili, waliokwisha acha kazi ya mgodi, walisimama kulia na kushoto wakashika viwiko vyake. Nilichungulia mlangoni nikawaona hivyo, watatu, jasho likiwatiririka. Nikarudi kutwanga sombe, majani ya mihogo.

Nilisikia risasi nikiwa nimeshika mchi. Sote tulizijua baruti za mgodi, na zile hazikuwa baruti. Zilikuwa fupi na nyingi. Wanawake walitoka nje wakasimama mlangoni, kila mmoja mlangoni pake. Baada ya muda wanaume walianza kurudi wakikimbia. Wengine hawakuwa na viatu. Nilimsikia jirani yangu akimwuliza kila anayepita swali lile lile, halafu nikamsikia akipiga yowe.

Kijana mmoja aliyelala chumba kimoja na mdogo wangu alisimama mbele yangu. Alisema mdogo wangu alikuwa mbele kabisa. Alisema wengi walipogeuka kukimbia, wale wenye medali mbele walichelewa kidogo. Walizishika kwa vidole, wakazinyanyua ili zionekane.

Nikaingia kanisani. Mume wangu alikuwa bado ameinua mikono, macho ameyafumba, wale wazee wameishiwa nguvu.

"Shusha," nilimwambia. "Imekwisha."

Sikulia. Nilirudi nikamalizia kutwanga, kwa sababu majani yalikuwa tayari kinuni na yangeharibika. Watu walinisifu baadaye kwamba nina imani. Haikuwa imani. Mguu ukiukalia sana unakufa ganzi, unaugusa na huujui kuwa ni wako. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Kaburi la mdogo wangu sikuonyeshwa. Baba yetu aliletewa habari na watu wa mitumbwi, na jibu lake lilikuwa kuuliza kama alibatizwa.

Jumamosi ile mume wangu alikwenda mjini kwa padri kuungama. Aliondoka mabega yameanguka, akarudi yamesimama. Akala sahani mbili. Kwa jinsi alivyokula nilijua amesamehewa. Nilikaa upande wa pili wa meza nikingoja aniambie na mimi chochote, hata neno moja, kwamba ni yeye aliyemweka mdogo wangu mbele. Alisema sombe ina chumvi kidogo. Kwake jambo lilikuwa limefungwa, baina yake na Mungu, na mimi sikuwamo.

Hata hivyo jambo lilikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi, nao ni mwezi wa Novemba.

Tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, kambi yetu ilikuwa na desturi. Padri alisoma misa mjini, na alasiri katekista aliwakusanya watu uani kwa kanisa dogo akasoma majina ya wafu wetu, kuanzia wa kale hadi wa mwaka ule. Kila jina lilipotajwa, watu waliitikia: umpe raha ya milele, ee Bwana. Tuliamini, na mimi ninaamini mpaka leo, kwamba anayetajwa pale anaombewa na kambi nzima, na asiyetajwa anajiombea mwenyewe, kama anaweza. Walisomwa waliobatizwa. Mkatekumeni aliyekufa kabla ya maji naye alisomwa, kwa kuwa Kanisa linamhesabu kuwa wake.

Novemba ya kwanza baada ya mgomo, nilimwomba mume wangu asome jina la mdogo wangu.

"Hakuandikwa," alisema.

"Alikuwa na medali."

Akafunga daftari. Kumwandika mdogo wangu kungemlazimu amweleze padri alipewa lini medali na nani. Padri alikuwa amekwisha uliza habari za sanduku, na mume wangu alikuwa amesema medali zimekwisha, na kweli zilikuwa zimekwisha. Sijui aliungama nini Jumamosi ile. Sanduku hakulitaja, hilo nilikuwa na hakika nalo. Angelitaja, angeacha kuwa katekista, na bila ukatekista alikuwa karani tu anayepima maharage.

Mwaka wa pili nilimwomba tena. Mwaka wa tatu sikumwomba. Nilikaa benchi la mbele, nikasikiliza majina yote, nikaitikia yote, na jina nililolitaka halikuja. Asiyekuwapo na lake halipo. Jirani yangu alikuwa amekwisha ondolewa kambini, maana nyumba ilikuwa ya mfanyakazi na mfanyakazi hakuwapo tena. Alihamia Kenya, mtaa mmoja wa mjini kwetu, akapanga chumba, akauza maandazi sokoni. Kila Novemba alikuja kwa miguu pamoja na wanawake wengine wawili watatu waliofikwa na msiba kama wake. Walisimama nyuma, wakasikiliza orodha isiyo na watu wao, maana hao nao hawakuwa wameandikwa, wakaenda zao. Hatukusalimiana sana. Nyuzi nilizifunga mimi, na wao walijua.

Nchi iliendelea kupatwa na mambo, na mume wangu aliendelea kuyatafutia kitabu. Serikali ilipowapeleka watu wa vijijini porini kukusanya utomvu wa mpira kwa ajili ya vita, ndugu yake alikuja kutoka Lukafu na vidonda vya miguu, akatueleza. Mimi nilingoja nisikie habari ya Farao na matofali, maana hata mtoto angeiona. Mume wangu alisoma habari za Ruthu akiokota masazo. Musa hakumgusa tena. Alikuwa na picha kubwa za mafundisho, za kutundika ukutani, na ile ya Bahari ya Shamu aliiviringisha akaiweka chini ya kitanda. Nilifagia vumbi lake kila Ijumaa.

Vita vilipokwisha kengele zililia mjini kutwa nzima. Alisema ni njiwa wa Nuhu aliyerudi na jani. Nilimwuliza kama Nuhu alirudi kuwatafuta waliobaki majini. Tulizaa watoto watatu katika miaka hiyo. Ganzi haizuii mimba. Niliwapenda watoto wangu kwa mikono: niliwaosha, nikawalisha, nikawashonea, na sijui kama wao waliona kuna kilichopungua.

Mfalme kijana wa Wabelgiji, mwana wa yule aliyetekwa, alipokuja kututembelea, mwaka wa hamsini na tano, watoto wa shule walipewa vibendera na barabara zikafagiwa mpaka udongo mwekundu ukang'aa. Mume wangu alisema ni Jumapili ya Matawi. Tulisimama juani tangu asubuhi. Nikamwona akipita, kijana mwembamba, amevaa nguo nyeupe, uso wa mtu asiyelala vizuri. Watu walipiga kelele za furaha na mimi nikapunga mkono. Nilikuwa nikimhesabia mdogo wangu umri. Yule kijana alimkaribia sana kwa umri, kama mdogo wangu angebaki na umri aliokufa nao, na kweli alibaki nao.

"Jumapili ya Matawi," nilimwambia mume wangu tukirudi. "Na Ijumaa yake ni lini?"

"Wewe mwanamke," alisema. Lakini alikuwa amechoka, akanishika mkono tuvuke barabara, kwa kuwa macho yake yalianza kuona ukungu.

Ule ukungu ulizidi. Miaka miwili baadaye mjini kukawa na habari mpya: wanaume wataitwa kupiga kura, kuchagua wakubwa wa mitaa. Hilo halijawahi kuwapo. Watu walizungumza kwenye foleni ya posho, kwenye bomba la maji, hata njiani kutoka kanisani, kwa sauti ambayo zamani walizungumza ndani tu. Mume wangu alifurahi. Alisema mitume nao walipiga kura kumpata Mathiya.

"Makutano nayo yalichagua," nilisema. "Wakamchagua Baraba."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nikiwa kijana, na nilikasirika kwamba bado anaweza.

Mwaka huo huo hakuweza tena kusoma maandishi yake mwenyewe. Novemba ilipokaribia alinipa daftari la marehemu akaniomba nimnakilie orodha kwa herufi kubwa, kwa wino mweusi. Nilikaa mezani alasiri mbili. Niliandika wazee wa kwanza wa kambi, wanawake waliokufa wakijifungua, watoto wa surua. Nilipofika mwaka wa arobaini na moja palikuwa na majina machache: bibi mmoja, mtoto mchanga, fundi aliyeangukiwa na chuma. Baada ya fundi nikaandika jina la mdogo wangu. Sikuwa na hasira. Niliandika kwa ukubwa ule ule wa mengine, nikaendelea na mwaka wa arobaini na mbili.

Tarehe mbili watu walijaa uani kuliko miaka yote. Mume wangu alisimama kwenye ngazi ya kanisa, karatasi ameisogeza karibu na pua. Alisoma polepole. Alimsoma bibi, watu wakaitikia. Alimsoma mtoto, alimsoma fundi. Nilitazama karatasi ikisogea mbali na uso wake, halafu ikirudi karibu. Angeweza kuruka. Nilikuwa tayari aruke. Nilikuwa nimejiandaa kurudi nyumbani nikachanganye unga wa bukari kama kila siku.

Akasoma.

Sauti yake haikubadilika, na watu, ambao wengi hawakumjua mdogo wangu, wakaitikia: umpe raha ya milele, ee Bwana. Niliitikia pamoja nao. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo miaka kumi na sita kasoro mwezi mmoja, na ilipofika sikusikia kitu moyoni.

Mume wangu akafungua kinywa asome linalofuata. Nyuma kukatoka sauti.

"Tata katekiste. Na bwana yangu?"

Alikuwa jirani yangu wa zamani. Alikuwa amenenepa, amefunga kitambaa kipya kichwani.

"Bwana yangu pia alivala medali," alisema. Akalitaja jina la mumewe, kwa nguvu, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Baadhi wakaitikia kwa mazoea. Mwanamke wa pembeni yake akataja la mwanawe. Mwingine akataja la kaka yake. "Wewe njo ulimupatia," alimwambia mume wangu. "Mu mukono yako."

Mume wangu alisimama na karatasi. Mmoja wa wale wazee waliomshika viwiko alikuwa bado hai, amekaa kwenye kiti kwa ajili ya miguu yake. Alimuuliza bila ubaya, kama mwanafunzi anayetaka kujua:

"Tata katekiste, hii iko wapi mu kitabu?"

Sote tulingoja. Katika maisha yangu yote naye sikuwahi kumwona akikosa mahali pa kufungua.

"Sijuwe," alisema.

Akakunja karatasi. Akasema, na hakuinua sauti, lakini uani palikuwa kimya:

"Miye njo nilibapatia ile medali. Habakukuwa bakatekumeni. Nilibaambia basimame ku mbele. Miye nilibakia hapa." Akageuza uso upande wa wanawake, akitafuta kwa macho yale mabovu mahali nilipo. "Na shemeki yangu alitaka kurudia ku Kilwa. Miye njo nilimukataza."

Halafu akasali sala ya mwisho akawaaga watu. Padri angepata habari kabla ya Jumapili, na kila mtu pale alilijua hilo, naye pia. Jirani yangu alinipita mlangoni akanigusa bega.

Nyumbani nilipika. Alikula kidogo. Nilikuwa nikiyarudia maneno yake kichwani, moja moja. Alitaja yote ya kwake. La kwangu hakulitaja. Jioni ile ya medali alikuwapo, alisikia, alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale niliposimama na uzi mkononi, nami nikamwambia mtoto wa mama yangu aende tu. Angeweza kusema "sisi". Alisema "miye".

Asubuhi tulipiga magoti pembeni ya kitanda, kama kila asubuhi ya ndoa yetu. Katika nyumba yetu Baba Yetu tuliigawana. Yeye alisali nusu ya kwanza, mpaka "duniani kama mbinguni", mimi nikapokea kuanzia mkate. Miaka yote ile niliipokea bila kukosea, hata asubuhi ya siku iliyofuata mgomo. Maneno yalipita kinywani bila kugusa popote.

Akasali yake, akafika mwisho, akangoja.

"Utupe leo mkate wetu wa kila siku," nilisema.

Lililofuata nalijua. Niliwafundisha watoto wangu neno hilo kabla hawajaweza kutembea vizuri. Nilifungua kinywa, nikasikia maumivu, ya kweli, kifuani, chini ya nguo, kana kwamba yametokea saa ile ile. Nikashika ukingo wa kitanda. Mume wangu hakunisaidia neno, ingawa alilijua. Alibaki amepiga magoti, ameinamisha kichwa, akinisubiri niseme utusamehe.

King'ora kikalia. Hakuinuka kwenda kazini, na mimi nilikuwa bado sijalisema.